Gitaa Iliyofundishwa Kuimba Kihindi

Huku kwetu Kasongo na Kabambare gitaa imekwisha kuwa chombo cha nyumbani. Inapigwa arusini, inapigwa barazani, na mahali pengine inaingia hata kanisani pamoja na ngoma. Lakini mara nyingi twasikia wazee wakinung'unika: gitaa ikiingia katika wimbo wa Kizimba au wa Kibangubangu, wimbo hauwi tena ule ule. Vijana hujibu kwamba wazee hawapendi vitu vipya. Sisi twaona kwamba neno la wazee lafaa kupimwa, kwa maana wako watu wa mbali waliopatwa na shida hiyo hiyo, wakaitengeneza kwa akili nyingi. Ndio wapiga gitaa wa Uhindi. Tutazame kazi yao, na tupime sahani mbili za muziki walizozitoa.

Kwanza tuelewe shida yenyewe. Shingo ya gitaa imekatwa kwa vichuma vidogo vilivyolala. Kidole kikibonyeza uzi, sauti inatoka moja kamili, na kukaa kati ya sauti mbili ni kwa shida. Ni kama ngazi: waweza kukanyaga kidato hiki au kile, bali kusimama hewani kati ya vidato viwili huwezi. Sauti ya mwanadamu haina vidato. Inapanda kama njia ya kilimani na kushuka vivyo hivyo. Nao muziki wa Wahindi unapenda sana mpando na mshuko huo. Kwao sauti nyingi hazina utamu zikifika mahali pake kwa kuruka. Basi gitaa, jinsi ilivyotoka dukani, haikuweza kusema lugha yao.

Dawa ilipitia visiwani. Huko Hawaii, mwisho wa karne ya 19, watu walianza kuilaza gitaa mapajani na kupitisha kipande cha chuma juu ya nyuzi, bila kuzibonyeza. Sifa ya uvumbuzi huo hupewa hasa Joseph Kekuku. Nyuzi huinuliwa zisiguse vichuma vya shingoni, na sauti huteleza toka chini hata juu bila kukatika. Namna hiyo ilienea duniani. Mpigaji mmoja wa visiwa hivyo, Tau Moe, alikaa Calcutta katika miaka ya 1940, akawafundisha wengi. Hata kwetu Kongo jina la Hawaii lilifika: Zacharie Elenga, aliyejulikana kama Jhimmy, alipata sifa Léopoldville karibu na mwaka 1950, na watu waliita upigaji wake kwa jina la visiwa hivyo.

Wahindi hawakukosa kuutambua mgeni huyu. Wao walikuwa na vinanda vyao vya zamani ambavyo hupigwa kwa kutelezesha kipande cha kioo au cha mti juu ya nyuzi. Lakini kwa miaka mingi gitaa ilitumika kwa nyimbo nyepesi tu na kwa sinema. Brij Bhushan Kabra, aliyezaliwa mwaka 1937, ndiye aliyeitia katika muziki mkubwa wa Kaskazini. Alijifunza kwa Ali Akbar Khan, fundi wa sarodi, yaani kinanda cha nyuzi kisicho na vichuma shingoni. Tuangalie neno hili: hakumtafuta mwalimu wa gitaa. Alimtafuta mwalimu wa muziki, ndipo akailazimisha gitaa kufuata.

Baada yake Vishwa Mohan Bhatt wa Jaipur akaibadilisha gitaa yenyewe, akaiita Mohan Veena. Nyuzi za kuimbia ni 3 tu. Pembeni ziko 4 au 5 zinazoshika sauti moja ya msingi. Chini yake ziko 12 nyembamba ambazo mpigaji hazipigi kwa kawaida. Zinatetemeka zenyewe zinaposikia sauti ya wenzao, kama watu wa kijiji wanavyomwitikia mwimbaji wao. Asiyejua atadhani ni pambo. Sivyo: bila itikio hilo wimbo wa Kihindi ungekuwa mkavu.

Sasa tuje kwenye sahani zenyewe. Ya kwanza ni Call of the Valley, maana yake Mwito wa Bonde, ya mwaka 1967. Kabra yuko pamoja na Shivkumar Sharma mwenye santuri, ile ya nyuzi nyingi zinazogongwa kwa vijiti, na Hariprasad Chaurasia mwenye filimbi. Wanasimulia siku ya mchungaji wa Kashmir toka alfajiri hata usiku, wakifuata desturi ya Kihindi kwamba kila saa ina nyimbo zake. Uzuri wake ni kwamba gitaa haijionyeshi. Asiyeambiwa angeweza kudhani ni kinanda cha Uhindi tangu kale. Hiyo ndiyo sifa kubwa kwa chombo cha kigeni.

Ya pili ni A Meeting by the River, yaani Mkutano Penye Mto, ya mwaka 1993. Bhatt anapiga pamoja na Mmarekani Ry Cooder, ambaye naye hutelezesha kwa kichupa cha kidoleni. Sauti zilinaswa Septemba 1992 katika kanisa la Kristo Mfalme la seminari ya Mtakatifu Antoni, mjini Santa Barbara huko California. Watu hawa wawili walikuwa hawajapata saa nzima ya kufahamiana. Sahani ikapata tuzo ya Grammy mwaka 1994.

Twaipenda sahani hii, lakini hatutaisifu yote. Katika kipande cha kwanza mmoja anauliza na mwenziwe anajibu, wala hakuna anayemkata mwenziwe neno. Hapo ni vizuri mno. Lakini adabu hiyo ikizidi inakuwa udhaifu. Muziki wa Kihindi unataka muda mrefu wa kufunuka, na hapa sahani nzima ni dakika 40 hivi. Kipande cha mwisho, Isa Lei, wimbo wa visiwa vya Fiji, ni kitamu sikioni, lakini hakimdai Bhatt nusu ya elimu yake. Kabra alikuwa nyumbani kwake. Bhatt hapa ni mgeni mwenye heshima. Atakaye kusikia gitaa imekuwa Mhindi kweli kweli, aanze na Mwito wa Bonde.

Yatuhusu nini sisi wa Maniema? Yatuhusu sana. Kizimba, Kibangubangu na Kikusu ni lugha ambazo sauti ya juu na ya chini hubeba maana. Ukimpandisha mwimbaji penye kushuka, kwa sababu tu gitaa imepanda, umeharibu neno lenyewe. Wazee waliponung'unika walikuwa wakitetea neno. Tena mtengeneza likembe hupanga vile vyuma kwa kufuata wimbo wake, na wengi huvitia vipete vidogo ili vivume. Uvumi ule ni ndugu wa zile nyuzi 12 za Bhatt. Sisi twaushika mkononi, kisha twauona kuwa kelele.

Hatusemi vijana waache gitaa. Jean-Bosco Mwenda, aliyenaswa sauti huko Jadotville mwaka 1952, alionyesha jinsi kidole gumba na cha shahada vinavyoweza kuifanya gitaa iseme Kikongo. Twasema tu: shida ya vijana wetu wengi si vidole. Wanafunga nyuzi kama sahani za Kinshasa zilivyowafundisha, kisha wanauvuta wimbo wa bibi yao mpaka ulingane nazo. Kabra alienda upande mwingine. Basi kijana mwenye gitaa aende kwa mzee aujuaye wimbo, ajifunze kwanza kuuimba bila chombo, neno kwa neno, na mzee amsahihishe. Halafu ajaribu kulegeza uzi huu na kukaza ule, au kupitisha chuma juu ya nyuzi, hata mzee akubali kwamba neno limesikika. Na wazee nao wasikatae kuketi naye, kwa kuwa nyimbo wanazozililia hazijaandikwa popote.