Fundi Anaanza na Kioo

Mpwa wangu alikuja na karatasi. Juu kabisa alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Core i9. Chini yake vifaa vingine vilibanana kama abiria wa daladala ya jioni, na mwisho kabisa, pale pesa ilipomwishia, aliandika: "kadi ya picha yoyote."

"Mjomba," akaniambia, "tisa ndiyo namba kubwa."

Sikumlaumu. Sote tunanunua namba. Kompyuta yenye nembo ya i7 huuzwa kwa majivuno hata kama ndani yake mna i7-2600 ya mwaka 2011, wakati i3-12100 ya mwaka 2022, yenye viini vinne vilevile, inaiacha mbali. Nembo inataja daraja. Umri haiutaji.

Nilikuwa nimemwahidi kompyuta ya kuchezea magemu akifaulu kidato cha nne, akafaulu, nami nilikuwa na shilingi milioni 2 na laki 4. Pesa ya katikati hiyo: si ya kudharauliwa, wala si ya kuchezea. Tukaenda Kariakoo kwa fundi ninayemwamini. Karatasi aliipokea kwa heshima, akaikunja bila kuisoma, akauliza, "Kioo unacho? Cha ukubwa gani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niupende ufundi huu. Mtu ameleta orodha ya vitu vya ndani ya keisi, yeye anauliza habari ya kitu kinachokaa nje. Lakini huko ndiko hesabu inakoanzia. Kioo cha kawaida, 1920 kwa 1080, kina nukta 2,073,600. Gemu likitaka kuteleza machoni linahitaji picha 60 kila sekunde, yaani kila picha iwe tayari ndani ya milisekunde 16 na ushee. Ndani ya muda huo prosesa inaamua mpira umegonga mwamba au umeingia, beki akimbilie wapi, kipa aruke lini. Kisha inaiagiza kadi ya picha ichore. Kati ya hao wawili, anayechelewa ndiye anayeamua mwendo.

Ukibadilisha kioo, ukaweka cha 4K, nukta zinakuwa 8,294,400. Mara nne. Kadi ya picha inahema, ila prosesa haina habari: mabeki ni walewale, mpira ni uleule. Ndiyo maana hakuna jozi ya prosesa na kadi iliyo nzuri popote pale. Jozi iliyotulia kwenye kioo hiki inaweza kuyumba kwenye kile. Na gemu nalo lina neno lake. Anayecheza Football Manager, akazichagua ligi kumi zihesabiwe usiku na mchana, anaitesa prosesa, kadi imelala. Anayepita porini kwenye gemu lenye majani yanayopepea na maji yanayong'aa anaitesa kadi.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na wengi wanaojenga kompyuta hufukuzana na huo ubovu mpaka mfuko unakauka. Fundi wangu ana mtazamo mwingine. Pabovu hapakosekani, anasema. Lazima kuna mmoja atakayewachelewesha wenzake, hata ukitumia milioni kumi. Kazi yake yeye ni kuchagua nani awe huyo. Kwa mchezaji wa kawaida anataka iwe kadi ya picha: ifanye kazi hadi ukomo wake, prosesa ibaki na pumzi ya akiba. Prosesa ikielemewa, mchezo hukwama na kushtuka-shtuka, na mkono unahisi. Kadi ikielemewa, unapunguza urembo wa vivuli, unaendelea kucheza.

Kwa hiyo mizani yake haina mafungu sawa. Fungu kubwa lilikwenda kwenye kadi, RX 6600 yenye GB 8 za kumbukumbu. Prosesa ikawa Ryzen 5 5600, viini sita, ya mwaka 2022. Mpwa alinuna kidogo alipoona tano badala ya tisa. Fundi akamwonyesha tundu la kuikalisha kwenye bodi, AM4, lililoanza mwaka 2016 na ambalo bado linapokea 5800X3D, prosesa yenye viini vinane na akiba kubwa ya kumbukumbu ndani yake. "Ukipata kazi utairudia bodi hiihii," akamwambia. Kijana akanyamaza.

RAM hatukununua kijiti kimoja cha GB 16. Tulichukua viwili vya 8. Kijiti kimoja cha DDR4-3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde; viwili vikikaa kwenye matundu yanayostahili vinapitisha mara mbili. Jumla ni ileile, na bei haikupishana sana, lakini barabara zimekuwa mbili. Watu wengi hutupa kasi ya bure kwa kutojua jambo hili dogo tu.

Kuhusu pawasaplai nina kidonda changu. Kompyuta yangu ya kwanza ya kujenga niliipa pawasaplai iliyoandikwa wati 700, nyepesi kama kontena la chakula cha mchana, niliyoinunua kwenye duka ambalo sitalitaja. Umeme ulikatika jioni moja, ukarudi kwa kishindo, nikasikia harufu. Ilikufa na bodi. Kumbe kifaa kisichoongeza hata picha moja kwenye gemu ndicho kinachoshika roho za vingine vyote. Kadi yetu inakula wati 132, prosesa imepimwa wati 65. Hata ukijumlisha feni, diski na vurugu za hapa na pale, pawasaplai ya kweli ya wati 550 inatosha na kubaki. Fundi aliipima mkononi kwanza, kama mama anayechagua tikiti maji, ndipo akasoma nembo ya 80 Plus. Vitu vya mtumba anavikubali, hata keisi yetu ilikuwa ya mtumba, yenye uso wa wavu ili joto la Dar lisijifungie ndani. Pawasaplai ya mtumba haigusi.

SSD, feni ya pili na nyaya vilichukua dakika tano. Kilichochukua muda ni zile laki na nusu zilizobaki. Mpwa alitaka taa za rangi. Mimi nilitaka kurudi nazo nyumbani. Fundi alituuzia UPS.

Usiku ule tuliiwasha sebuleni kwenye kioo cha 1080. Kijana aliweka namba za vipimo kwenye pembe ya kioo, akaanza kucheza, mimi nikazisoma: kadi ya picha asilimia 97, prosesa asilimia 58. Tangu siku hiyo hatujabadilisha kitu, isipokuwa feni moja ya mbele iliyoliwa na vumbi.