Ugeni wa Mwanafunzi katika Maandishi Yetu

Hadithi nyingi za mwanafunzi aendaye ng'ambo huanzia safarini: baridi, chakula kigeni, upweke wa mji mkubwa. Mwanzo huo wamfaa mtu wa pwani. Kwa mtoto wa Tarime aliyelelewa kwa Kikuria, au wa Serengeti mwenye Kingoreme, Kiikoma au Kinata, hautoshi. Maana ugeni wake wa kwanza aliuonja darasani, na lugha ngeni ilikuwa Kiswahili hiki hiki. Kijana wa huko aigaye mwanzo huo hujinyima nusu ya kisa chake.

Kielelezo kilicho karibu ni Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama, mkoa huo huo wa Mara. Alipoingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, ilimbidi ajifunze Kiswahili. Alipofika Edinburgh mwaka 1949 alikwisha zoea kuishi ndani ya maneno ya watu. Matunda ya usomi huo twayaona katika Shakespeare wake. Tafsiri ya 1963 ililiacha jina la Julius kama lilivyo. Ya 1969 ikaitwa Juliasi Kaizari. Miaka sita, ndipo mgeni avae kanzu ya wenyeji! Mwaka huo huo mfanyabiashara wa Venice akageuka Mabepari wa Venisi, neno kali, na kwa maoni yangu limezidi. Lakini vina hakuvifuata: beti zake zaenda bila vina, kama za Mwingereza. Hapo mwanafunzi wa Edinburgh yungali ng'ambo.