Kabla ya Kushika Spana

Kenya ninayoizungumzia haina bahari wala Nairobi. Ni mojawapo ya komuni saba za Lubumbashi, mkoani Haut-Katanga, nchini Congo, jirani na Kamalondo na Katuba, na mjini inajulikana zaidi kwa soko lake. Pita mitaani asubuhi utakuta gari limeinuliwa juu ya magogo, magurudumu ya mbele yametolewa, na miguu ya mtu imechomoza chini ya bampa. Hapo hakuna kibao cha karakana wala mashine ya kompyuta ya kupimia magurudumu. Kuna jeki, nyundo, kamba, chaki na mikono. Kwa vifaa hivyo hufanyika kazi inayozishinda gereji nyingi zenye sakafu ya vigae: kulirudishia gari kuukuu utii wake wa mbele.

Mgonjwa aliye maarufu ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari lililoingia sokoni mwaka 1984 na ambalo migodi ya Katanga haijalichoka hadi leo. Toleo la HZJ75, lenye injini ya dizeli ya lita 4.2 iliyotoka mwaka 1990, lina ekseli nzima mbele, yaani boriti moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, limeshikwa na springi za mabamba. Mwaka 1999 Toyota iliziondoa springi hizo za mbele ikaweka za koili, lakini ekseli nzima ikabaki. Ni muundo wa zamani, mzito, unaovumilia mashimo na mizigo kuliko gari la kisasa linavyoweza. Gari kama hilo hutumika miaka kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi, likichoka huuzwa, likaingia mikononi mwa mfanyabiashara wa mahindi au wa makaa. Siku moja huletwa Kenya na malalamiko mafupi: “Papa, ikifika themanini inatetemeka.”

Neno hilo, kutetemeka, halitoshi. Gari linakwenda vizuri, tairi moja linakanyaga kishimo kisichostahili hata kutazamwa, na ghafla magurudumu yote mawili yanaanza kutupwa kushoto na kulia mara kadhaa kwa sekunde. Usukani unampiga dereva vidole gumba. Dashibodi inalia. Kukanyaga breki kwa hofu hakusaidii sana. Dereva hana budi kupunguza mwendo taratibu mpaka ghasia ife yenyewe. Akiongeza tena mwendo, barabara ni shwari, kana kwamba hakuna kilichotokea, hadi kishimo kinachofuata. Ndio ugonjwa wa ekseli nzima: magurudumu yamefungwa pamoja kwa boriti na kwa rodi, kwa hiyo msukosuko wa moja humfikia mwenzake, naye akaurudisha.

Ugonjwa huo huo unawasumbua watu walio mbali kabisa na Katanga. Katika Marekani ya miaka ya 1950, vijana walikuwa wakichukua magari madogo ya zamani, wakayatia injini kubwa na kuyashindanisha mawili mawili kwenye mstari mnyoofu wa robo maili, kama mita 402. Chama chao, NHRA, kilianzishwa mwaka 1951, na mashindano yake ya kwanza ya kitaifa yalifanyika Great Bend, Kansas, mwaka 1955. Kundi moja la magari hayo, lililoitwa gasser, lilikuja kujulikana kwa pua iliyoinuliwa juu, kusudi uzito uangukie matairi ya nyuma wakati wa kuondoka. Ili kuipata pua hiyo, wengi waling'oa mfumo wa mbele wa magurudumu yanayojitegemea wakaweka ekseli nzima ya lori au ya pikapu. Gari likaondoka kama risasi. Tatizo lilikuwa mwisho wa mstari: dereva anapoachia mafuta, pua inashuka, pembe za mbele zinabadilika, na magurudumu yanaanza ngoma yao pale mwendo ulipo mkubwa kuliko wote. Anayefufua gari la aina hiyo leo huko Marekani, na fundi aliyelala chini ya Land Cruiser mtaani Kenya, wanajiuliza swali moja: mtikisiko huu unaanzia wapi?

Hapa ndipo mafundi wanapotofautiana. Fundi mwenye haraka ana jibu tayari. Ataona kuna amortisa ndogo iliyolazwa kando ya rodi ya usukani, ile inayopunguza makali ya mtikisiko, atasema imekufa, atauza mpya. Gari litatulia wiki kadhaa na mteja atamsifu. Lakini amortisa ile haiponyi kitu, inanyamazisha tu. Fundi ninayemsifu mimi huanza kwa kuifungua na kuiweka pembeni, ili gari liseme bila kufunikwa mdomo. Mteja akiuliza ni nini kibovu, anajibiwa, “Ngoya kwanza.”

Kwanza huja maswali, na hayo hayahitaji spana. Inaanza kwa mwendo gani? Kwenye lami au kwenye vumbi? Matairi yalibadilishwa lini? Nani aliinua springi, na kwa nini? Kisha anapitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Kiganja kikiteleza upande mmoja na kukwaruzwa upande mwingine, tairi limekuwa likiburutwa kimshazari. Magurudumu yanaangaliana vibaya, na mpira umeandika hilo kilomita kwa kilomita.

Baada ya hapo gurudumu linainuliwa. Analishika juu na chini, analisukuma na kulivuta. Likicheza, kuna washukiwa wawili: beringi za gurudumu lenyewe au beringi za kifundo ambacho gurudumu hugeukia. Anamwambia kijana akanyage breki kwa nguvu, anatikisa tena. Mchezo ukipotea, kosa liko kwenye beringi za gurudumu, kwa sababu breki imeshafunga gurudumu na kifundo kuwa kitu kimoja. Ukibaki, kosa liko kwenye kifundo. Kisha anashika kushoto na kulia, akitafuta mchezo wa rodi na rotuli zake, yale maungio ya nchani mwake. Jaribio zima halimalizi dakika mbili wala haligharimu faranga, na bado ni wangapi wamenunua beringi wasizozihitaji kwa sababu hakuna aliyekanyaga breki.

Jaribio linalofuata ndilo linalonifanya nisimame kutazama. Gari linashushwa, likanyage ardhi kwa uzito wake wote. Kijana anakaa kwenye usukani na kuutikisa kidogo tu, kushoto, kulia, kushoto, pasipo magurudumu kugeuka. Fundi amelala chini, vidole vimeshika rotuli, nusu ya kidole juu ya rodi na nusu juu ya mkono wa kifundo. Vipande hivyo viwili vinapaswa kwenda pamoja. Kimoja kikitangulia na kingine kikafuata baada ya nusu ya milimita, kidole kinajua. Jicho halioni kitu. Kutoka rotuli hii anahamia ile, kwenye boksi ya usukani, kwenye bolti zinazoifunga boksi kwenye chesisi, kwenye bushi za springi. Kisha anamvuta mwanafunzi wake chini ya gari na kukiweka kidole cha kijana pale pale. Hamwelezi. Anamngoja aseme mwenyewe alichosikia. Kijana akikosea, usukani unatikiswa tena. Sijui shule nyingine inayomwamini mwanafunzi kiasi hicho.

Kosa likiwa kwenye kifundo, sasa spana inaruhusiwa. Mkono wa juu wa kifundo cha Land Cruiser hushikwa na nati zilizokalia pete za chuma zenye umbo la pia, na pete hizo hung'ang'ania baada ya miaka ya matope. Anayezipiga kwa patasi anaharibu nyuzi za stadi, zile bolti zinazobeba nati. Fundi huchukua kipande cha shaba, na Lubumbashi shaba haitafutwi mbali, anakisimamisha juu ya kichwa cha stadi na kukigonga mara moja, kwa nguvu, wima. Shaba ni laini kuliko chuma, ikaumia yenyewe, stadi ikapona, pete zikaruka. Rotuli nayo haipigwi kwenye ncha ya bolti. Nati inalegezwa, kisha jicho la mkono linapigwa ubavuni kwa nyundo, huku nyundo ya pili ikishikiliwa upande wa pili kuupokea mshindo. Pini iliyokaa humo kwa ukaidi inadondoka kama iliyoitwa.

Ndani ya kifundo kuna beringi mbili, juu na chini, na visahani vyembamba vya chuma vinavyoamua zibanwe kiasi gani. Zikilegea, gurudumu linatapatapa. Zikibanwa mno, usukani unakuwa mzito na haurudi wenyewe baada ya kona. Kipimo ni nguvu inayohitajika kukigeuza kifundo kikiwa kitupu, nayo huhesabiwa kwa kilo chache tu. Fundi ananasa mzani wa ndoano, ule ule wa kupimia samaki sokoni, kwenye tundu la rodi, anavuta polepole na kusoma. Anaondoa kisahani, anafunga, anavuta tena. Anaongeza kingine chembamba zaidi. Kila jaribio lina maana ya kufungua na kukaza upya nati nne, na sijaona fundi wa aina hiyo akisema “inatosha” wakati mzani haujasema.

Kisha ni zamu ya kamba na chaki. Gurudumu linainuliwa na kuzungushwa huku chaki ikichora mstari kuzunguka tairi, na msumari uliogongomewa kwenye ubao ukikwaruza alama nyembamba juu ya chaki hiyo. Gari linashushwa, linasukumwa mbele kidogo ili springi zikae, ndipo umbali kati ya alama mbili unapimwa mbele ya ekseli na nyuma yake. Tofauti ya milimita chache ndiyo inayotakiwa, mbele pakiwa pafinyu kuliko nyuma. Mashine ya gharama ingeleta jibu hilo hilo kwa haraka zaidi. Isingeleta jibu lililo bora.

Pembe iliyo ngumu zaidi ni ile ambayo dereva wa kawaida hajawahi kuisikia, kasta. Mhimili ambao gurudumu hugeukia hausimami wima. Juu umelala nyuma kidogo, kama uma wa mbele wa baiskeli. Ulalo huo ndio unaolivuta gurudumu lirudi kwenye mstari baada ya kusukumwa. Mwenye gari akiinua nyuma kwa springi nene za mizigo na kuiacha pua ilipokuwa, chesisi nzima inainama mbele, ekseli inainama nayo, na ulalo unapungua. Gari linaanza kutangatanga barabarani, na mtikisiko unapata mlango. Dawa ni kabari za chuma za nyuzi mbili au tatu zinazowekwa kati ya springi na ekseli. Ni vipande vidogo vinavyoenea kiganjani, na ndivyo hivyo hivyo watu wa mbio za robo maili hutumia kuzituliza pua zao.

Skrubu iliyo juu ya boksi ya usukani hubaki ya mwisho, ingawa ndiyo rahisi kuliko yote. Kila anayejiita fundi anaijua, kwa sababu ukiikaza robo tu usukani unaacha kucheza papo hapo. Lakini boksi iliyokazwa ili kuficha rotuli iliyolegea itajila yenyewe, na usukani utakwama katikati, mahali unapohitajika kuwa mwepesi.

Kuna kazi nyingine ambayo hupimwa kwa kukataliwa. Congo huendesha upande wa kulia, Zambia na Tanzania upande wa kushoto, na magari mengi ya mitumba yanayopita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia huja na usukani kulia. Wapo wanaotaka uhamishwe. Kwa gari lenye chesisi na boksi inawezekana, ikiwa boksi ya upande huo, mkono wake na rodi zake zimepatikana. Mteja asiye na fedha ataomba rodi ya zamani ikatwe na kuungwa kwa welding ili ifike. Fundi mwenye heshima zake hukataa, hata kama jirani yake ataikubali kazi hiyo kabla ya adhuhuri. Rodi ya usukani ikikatika, hakuna kitu kingine kati ya dereva na mti.

Ugumu wa ufundi huu kibiashara uko hapo. Mteja hulipa bila kinyongo rotuli mpya aliyoishika mkononi, lakini husitasita kulipia saa nzima ya kidole kilichotulia juu ya chuma, au kazi ambayo fundi aliona haina haja ya kufanywa. Ankara ndogo humfanya adhani kazi ilikuwa ndogo. Nadhani tungepaswa kuhesabu kinyume: orodha fupi ya vipuri kwenye gari lililopona ni ushahidi kwamba mtu alijua alichokuwa akitafuta.

Ukipata fundi wa hivyo, mlipe saa zake, na usitoroke na gari mara linapotulia. Atakuambia urudi baada ya kilomita mia chache, kwa sababu yu-bolti za springi zilizofunguliwa hulegea zikishakalia mahali pake na lazima zikazwe upya. Rudi siku aliyokuambia, hata kama gari halitetemeki.