Darubini ya Yadi 1,000: Anzia Kwenye Shabaha

Mtu akienda kununua darubini ya bunduki, swali la kwanza dukani huwa ni ikuze mara ngapi. Hapo ndipo hesabu inapoanza kuharibika. Kwa mlenga shabaha wa masafa marefu, ukuzaji ni jambo la kuamuliwa mwishoni. Uamuzi unaanzia kwenye shabaha yenyewe, unarudi nyuma kupitia hewa, unapita kwenye vifundo vya darubini, ndipo unafika jichoni.

Tuchukue mchezo mmoja unaoonyesha jambo hili waziwazi: F-Class, tawi la F-TR, kwa umbali wa yadi 1,000, yaani mita 914. Aliyeuanzisha ni Mkanada George Farquharson, aliyetaka walengaji ambao macho yao yamedhoofika kwa umri waendelee kushindana kwa kutumia darubini na egemeo la bunduki. Herufi F imetoka kwenye jina lake. Mwaka 2009 mashindano ya dunia ya mchezo huu yalifanyika Bisley, Uingereza, ambako uwanja wa Stickledown hufika hadi yadi 1,200.

Katika F-TR bunduki hutumia risasi za .308 Winchester au .223 Remington tu, na uzito wake wote, pamoja na darubini na miguu miwili ya mbele, hauruhusiwi kuzidi kilo 8.25. Duara la ndani kabisa la shabaha ya yadi 1,000 lina kipenyo cha inchi 5, kama sentimita 13. Linalofuata lina inchi 10.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua kifundo cha aina gani kinafaa. Vifundo vya darubini huhamisha mahali pa kulenga kwa hatua ndogondogo, kila hatua ikisikika kama kliki. Kipimo kinachotumika sana ni dakika ya pembe, ambayo ni sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa yadi 1,000, dakika moja ni sentimita 26.6. Kifundo cha robo dakika basi kinahamisha risasi sentimita 6.6 kwa kliki moja, na cha thumuni ya dakika kinaihamisha sentimita 3.3. Darubini nyingi za kijeshi hutumia sehemu ya kumi ya miliradiani, ambayo hapo ni sentimita 9 na kidogo. Kwenye duara la sentimita 13, kliki ya sentimita 9 ni kubwa mno: ukikosa katikati kwa sentimita 5, ukirekebisha unavuka upande wa pili. Darubini ya kijeshi inaweza kuwa na vioo bora kuliko vyote dukani na bado isifae kwa kazi hii.

Baada ya kliki, tazama masafa ya kifundo cha juu. Risasi ya .308 yenye uzito wa greni 155, bunduki ikiwa imelinganishwa kwa yadi 100, huhitaji takriban dakika 35 za kupandisha ili ifike yadi 1,000. Darubini yenye jumla ya dakika 60 inasikika kama inatosha na kubaki. Lakini ukiifunga kwenye reli iliyonyooka juu ya bunduki, nusu ya hizo 60 ziko chini ya mstari na hazikusaidii. Zinabaki 30 tu za kupanda. Ndiyo maana walengaji hufunga reli yenye mwinamo wa dakika 20, na hapo zinapatikana kama 50. Faida yake haiishii hapo. Bomba la ndani linalosogezwa na vifundo limo ndani ya bomba la duara, kwa hiyo likisukumwa hadi ukingoni juu au chini, nafasi ya kwenda kulia na kushoto inapungua. Nafasi hiyo unaihitaji: upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaweza kuisukuma risasi hii zaidi ya mita 2. Bomba la milimita 34 mara nyingi hutoa masafa makubwa kuliko la milimita 30, na hiyo ndiyo sababu ya kulichagua. Wanaosema linaingiza mwanga zaidi wamekosea.

Jambo ninalolipigania kila ninapoulizwa ni paralaksi, kwa sababu madhara yake hayaonekani mpaka alama zipotee. Picha ya shabaha na alama ya kulengea zisipoangukia mahali pamoja ndani ya bomba, alama huonekana kuhama kila jicho linapohama. Chukua lenzi ya mbele ya milimita 56 iliyorekebishwa kwa yadi 100, halafu lenga yadi 1,000. Jicho likiwa ukingoni kabisa mwa mwanga unaotoka kwenye darubini, kosa linafika sentimita 25, upana wa lile duara la inchi 10. Mlengaji atalaumu upepo, na upepo hauna hatia. Kwa hiyo kirekebishi cha paralaksi cha ubavuni ni lazima, tena kiwe kizito kidogo na chenye mwendo mpana. Usizitegemee namba zilizochorwa juu yake. Laza bunduki imara, chungulia, tikisa kichwa taratibu bila kuigusa, na uzungushe mpaka alama itulie juu ya shabaha.

Sasa ndipo ukuzaji. Mara 50 au 60 zinapatikana. Chapa ya March ya Japani ina darubini ya mara 10 hadi 60. Asubuhi yenye ubaridi ukuzaji huo ni neema. Jua likichomoza na ardhi ikipata joto, yanakuja mazigazi, na shabaha inachemka kama uji jikoni. Kadiri unavyokuza ndivyo unavyokuza na mchemko. Walengaji wengi hushuka hadi mara 25 au 30 na kuendelea kupiga vizuri. Kuna pia jicho lenyewe: gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Milimita 56 kwa mara 50 ni mwanga wa milimita 1.1, picha yenye giza inayotoroka ukisogea kidogo. Kwa mara 25 ni milimita 2.2, na jicho linapumua. Kinachofaa kununuliwa, basi, ni darubini ambayo ukuzaji wake unashuka vizuri. Mazigazi yenyewe nayo si hasara tupu: ukiyasoma mwendo wake yanakuonyesha upepo.

Alama ya kulengea isinenepe. Zile zilizowekwa mbele ya lenzi za ukuzaji hukua pamoja na picha, na mstari unaoziba robo dakika unaficha nusu ya upana wa duara la katikati. Umbali wa shindano unajulikana, hivyo alama isiyobadilika ukubwa, yenye nukta ndogo sana, ndiyo inayofaa. Uzito nao uhesabiwe: Nightforce Competition ya mara 15 hadi 55 ina takriban gramu 800, darubini za kijeshi mara nyingi huvuka kilo moja, na kila gramu unayookoa unaweza kuiongeza kwenye mtutu.

Ukishanunua, ipime kabla ya kuiamini. Simamisha ubao yadi 100, ning'iniza uzi wenye uzito ili upate mstari wima, na uweke alama kila inchi. Funga darubini imara, lenga ncha ya juu ya mstari, kisha pandisha kifundo dakika 30. Alama inapaswa kushuka inchi 31.4 kwenye ubao. Ikishuka 30.8, kosa ni karibu asilimia 2, na kwenye dakika 35 hilo ni takriban sentimita 19 huko shabahani. Angalia pia kama inafuata uzi au inaacha njia: mwinamo wa digrii moja tu unaipeleka risasi kando kwa sentimita 16 hivi, ndiyo maana kipimo kidogo cha maji hufungwa juu ya bomba. Kisha rudisha hadi mwanzo, na urudie mara kadhaa. Darubini inayokosea kiasi kilekile kila mara unaweza kuitumia kwa kuingiza kosa kwenye hesabu zako. Inayotoa jibu tofauti kila ukirudia irudishe dukani siku hiyohiyo, hata kama vioo vyake vinang'aa kuliko vyote ulivyowahi kuchungulia.