Namna ya Kuipima Kazi ya Kufungua Parafujo Iliyogoma

Aghalabu ya watu, wanapotaka kujua kama parafujo iliyoshikwa na kutu imefunguliwa kwa ustadi, huitazama parafujo yenyewe, wakafurahi kuiona imelala chini. Ilhali mtu mwenye basira huiweka kando na kuchungulia tundu iliyotokamo, kwani parafujo mpya hupatikana dukani kwa fedha chache, bali hesi zilizochongwa ndani ya chuma cha gari, zikishalika, hazirudi ila kwa gharama na taabu. Kwa kipimo hicho cha tundu ndivyo ninavyowapima mafundi wa gereji, na hata mwenye gari anayejitengenezea mwenyewe uani kwake siku ya mapumziko.

Ustadi huanza kabla mkono haujagusa kitu. Magari mengi yanayopita katika barabara zetu yametoka Japani yakiwa yametumika, na parafujo zake zenye msalaba kichwani, hasa za magari ya miaka iliyopita, mara nyingi si zile zilizoenezwa na Henry Phillips wa Marekani tangu mwaka 1936, ingawa kwa jicho la haraka hazitofautiani. Msalaba wa Phillips una kuta za mshazari, na mkono ukizidisha nguvu bisibisi hupanda na kuchomoka. Msalaba wa Kijapani una vipimo vyake, na aghalabu huwekewa kitone kimoja pembeni mwa kichwa ili ujulikane. Basi fundi mahiri huanza kwa kusafisha uchafu wote uliojaa msalabani, akatafuta kitone, kisha akaijaribu bisibisi kwa kuikandamiza bila ya kuizungusha. Ikichezacheza humo ndani, huirudisha sandukuni akatwaa nyingine. Asiyefanya hivyo utamjua kwa vichwa vya parafujo alizozirudisha, kwa kuwa pembe za misalaba yake zimeliwa zikawa duara.

Ama kutu, sababu zake ni mbili kwa magari haya: chumvi inayomwagwa barabarani katika majimbo ya Japani yenye theluji, na baadaye upepo wa bahari kwa sisi tunaokaa Mombasa, Tanga au Unguja. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na kwa hivyo hujikaza baina ya hesi mithili ya kabari, wala nguvu za mkono pekee haziiondoi. Dawa yake ni kupiga brashi ya waya kwanza, ili mafuta ya kupenya yapate njia, kisha kuyaacha usiku kucha, na kugonga kichwa cha parafujo kwa nyundo ndogo, mapigo mafupi yaliyonyooka, yavunje ule mshikamano. Mafuta ya taa au dizeli nayo husaidia, ila kwa kusubiriwa zaidi.

Hapa ndipo fundi hasa anapotengana na mwenye misuli. Fundi huanza kwa kuikaza parafujo kidogo, ndipo akailegeza, akaikaza tena, akaongeza mafuta, huku sikio lake likifanya kazi sawa na mkono. Kwa maana chuma kinachoachia hutoa mlio mkavu wa ghafula, na chuma kinachokaribia kukatika hakilii, bali hunyong'onyea, ukahisi spana inazunguka kwa ulaini usio na sababu. Anayeuhisi ulaini huo akasita papo hapo, huyo nampa shahada hata kama parafujo bado haijatoka.

Zana nazo zina ushahidi wake. Kwa bolti ambayo kichwa chake kimeanza kulika, boksi ya pembe sita hushika ubapa wa kichwa, na ile ya pembe kumi na mbili humalizia kukiharibu. Kwa parafujo za diski za breki, ipo bisibisi nzito ambayo kila ikipigwa nyundo hukandamiza na kuzungusha kwa pamoja, na hiyo haina mbadala. Tazama pia ngoma za breki za nyuma katika Toyota nyingi: zina matundu mawili yenye hesi, ambayo bolti za milimita 8 zikikazwa humo kwa zamu huisukuma ngoma nje taratibu. Ukiona ngoma ina majeraha ya nyundo ukingoni, na matundu yale bado yamejaa kutu, umekwisha kuisoma historia ya gari hilo.

Moto husaidia, hasa parafujo ya chuma ikiwa imegoma ndani ya alumini, maadamu alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Walakini si karibu na tangi la petroli wala mipira ya breki, na asilani si mahali palipopulizwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini, ambayo ikiungua hutoa gesi yenye sumu.

Na parafujo ikikatika? Wengi hukimbilia keekee, kisha ile zana ya kung'olea inayozungushwa kinyume. Nami siipendi, kwa kuwa chuma chake ni kigumu mno na chepesi kuvunjika, na ikivunjikia ndani, keekee ya kawaida haiing'ati tena. Namsifu zaidi anayeweka nati juu ya kisiki na kuichomelea, kwani joto lile lile la kuchomelea huilegeza kutu. Lau ni lazima kutoboa, angalia kama alama ya kuanzia imepigwa katikati kabisa, na kama fundi alianza na ncha nyembamba.

Kazi ikiisha, mtake aingize parafujo mpya kwa vidole vitupu. Iingie mizunguko kadhaa bila ya chombo. Akishika spana tangu mzunguko wa kwanza, mzuie, aitoe, na hesi zisafishwe kabla hajaendelea.