Heko, walezi wa Ngamba

Ziwa lile lile linalopiga fukwe za Bukoba na Muleba limekizunguka Kisiwa cha Ngamba, Uganda, ambako tangu 1998 wanatunzwa sokwe waliookolewa mikononi mwa wafanyabiashara haramu. Wengi walitenganishwa na mama zao wangali wachanga. Wakipelekwa porini leo, sokwe wenyeji wanaweza kuwaua. Basi watabaki hapo maisha yao yote, na sokwe huweza kufikisha miaka 50! Msitu wa kisiwa, takriban hekta 40, hauwatoshi, hivyo walezi huwapelekea matunda na uji kila siku. Kule Rubondo, kusini mwa Muleba, sokwe walioachiwa kati ya 1966 na 1969 waliuzoea msitu wakazaana. Hao nawafurahia. Ila pongezi zangu kubwa ni kwa walezi wa Ngamba, ambao kazi yao haina siku ya kuagana.