Kufuli la Jumbe Chauro: Uhakiki wa Safari ya Karl Weule, Masasi na Newala, 1906

 

Siku hizi zimeenea safari fupi za kuongozwa. Mtu hulipa nauli, hupewa kiongozi, na kwa muda wa siku saba au kumi huonyeshwa miji ya Uzbekistan: Tashkent, Samarkand na Bukhara. Huzuru kaburi la Imamu Abu Bakr al-Qaffal al-Shashi, aliyefariki mwaka 365 Hijria. Huonyeshwa jinsi karatasi ya Samarkand inavyotengenezwa kwa magome ya mforsadi, hariri ya Marghilan inavyofumwa, na vyombo vya udongo vya Rishtan vinavyofinyangwa. Kisha hurudi kwao na picha nyingi. Baadhi ya vijana wetu wa Lukuledi wametuuliza: je, safari ya namna hii ina faida kwa Muislamu? Na anayerudi kutoka huko, tumkubali kuwa ni mjuzi wa watu aliowatembelea?

Tumeona kwamba kabla ya kuwapimia watu wa mbali, ni vyema tuiangalie safari ya namna hiyo iliyofanywa nyumbani kwetu, tukiwa sisi ndio wenye kutazamwa. Nayo ni safari ya Mjerumani Karl Weule, aliyezunguka Masasi na Newala mwaka 1906, sawa na 1324 Hijria.

Safari yenyewe

Weule alizaliwa mwaka 1864 na kufariki 1926. Alikuwa mtumishi wa jumba la makumbusho la Leipzig, na baadaye akawa mkurugenzi wake. Serikali ya Ujerumani ilimtuma kuchunguza desturi za watu, na awali alikusudiwa kwenda kaskazini ya nchi. Huko kulikuwa na ghasia, hivyo akaelekezwa kusini. Alifika Lindi katikati ya mwaka, akapanda hadi Masasi pamoja na mkuu wa wilaya, askari na wapagazi wa Kinyamwezi. Akakaa Chingulungulu kwa Matola, sultani wa Wayao, kisha Newala na Mahuta, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekwisharudi pwani. Kwa hiyo elimu yake yote juu yetu ni ya miezi michache. Mwaka 1908 alitoa kitabu chake *Negerleben in Ostafrika*, ambacho jina lake tu linabeba neno la dharau, pamoja na ripoti ya kitaalamu. Mwaka 1909 Alice Werner alikifasiri kitabu hicho kwa Kiingereza.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suuratul Maida, aya ya 8, kwamba chuki juu ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Basi tuanze na haki ya mtu huyu. Weule alikuwa na jicho kali na mkono usiochoka kuandika. Alieleza ufinyanzi wa wanawake wa uwanda wa Makonde hatua kwa hatua: udongo unavyokandwa, chungu kinavyoinuliwa kwa mikono bila gurudumu, kinavyokaushwa, na kinavyochomwa uwanjani pasipo tanuri. Aliandika namna ya kupekecha moto, ususi wa mikeka, ujenzi wa nyumba na milango yake. Alihifadhi pia kisa cha asili ya Wamakonde, cha mtu aliyechonga kinyago cha mti kikageuka mwanamke. Mengi katika hayo sisi wenyewe hatukuyaandika. Anayetaka leo kujua chungu cha Newala kilifinyangwaje miaka zaidi ya mia iliyopita atalazimika kubisha hodi kwa Weule. Hilo ni deni, na mwenye insafu hukiri deni lake.

Miongoni mwa picha zake imo moja ambayo imetushughulisha sana: kufuli la mti na ufunguo wake, kwa Jumbe Chauro, pamoja na kielelezo cha jinsi ufunguo unavyoingizwa. Tuliwaonyesha wanafunzi wetu picha hiyo. Mmoja akasema, "Maalim, hili bila shaka ni la Wazungu." Darasa zima likakubaliana naye. Bibi mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake akaitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, nyumba ya babu yangu ilikuwa na kitu kama hiki. Nyinyi mmeambiwa na nani kwamba sisi tulilala milango wazi?" Hatukuwa na jibu. Tutarudi kwenye swali lake.

Hoja ya kwanza: ridhaa

Weule hakuja kutazama tu. Alikusanya vitu: vinyago vya kuvaa usoni, vyombo, mapambo, akavipeleka Leipzig. Akatumia pia mashine ya kunasa sauti na ya kupiga picha zinazotembea. Swali la kifiqhi ni hili: vitu hivyo vilitoka mikononi mwa wenyewe kwa njia gani?

Tukumbuke mwaka wenyewe. Vita vya Maji Maji vilianza 1905 na moshi wake haukuwa umezimika hadi 1907. Katika bonde letu, misheni ya Wabenediktini ya Lukuledi iliyofunguliwa 1895 iliteketezwa 1905, na misheni ya Waingereza ya Masasi ilikumbwa na balaa mwaka huo huo. Serikali ikajibu kwa bunduki na kwa kuchoma vyakula. Makadirio ya waliokufa katika vita hivyo yanatofautiana, kutoka 75,000 hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Weule mwenyewe anasimulia wafungwa wa minyororo aliowaona Lindi. Hatusemi kila kijiji kilipigana. Uwanda wa Makonde haukuingia vitani kwa kiasi walichoingia Wamwera. Lakini habari ya minyororo hufika hata kwa asiyefungwa.

Mwenyezi Mungu katika Suuratun Nisaa, aya ya 29, amekataza kula mali kwa batili, akahalalisha biashara ya kuridhiana. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wakasema: ridhaa ni jambo la moyoni lisiloonekana, kwa hiyo matamshi ya kuuza na kununua yamewekwa kuwa dalili yake. Na Imamu Nawawi katika *Minhaj* ameshurutisha kwamba mwenye kuuza asiwe amelazimishwa pasipo haki. Tena wanazuoni hawakuliacha neno "kulazimishwa" ovyo: ni lazima mwenye kutisha awe na uwezo wa kutimiza kitisho chake, na mwenye kutishwa awe hana njia ya kujinusuru.

Tukipima kwa mizani hiyo, hatuwezi kuhukumu kwamba kila alichonunua Weule ni ghasbu, yaani mali iliyoporwa. Huenda wapo waliouza kwa furaha na wakaona wamempunja mgeni. Hata hivyo, hatuwezi pia kuhukumu kwamba kila kitu ni halali kwa sababu pesa zilitoka. Anayeuliza bei huku askari wa mkuu wa wilaya wamesimama nyuma yake ameidhoofisha ile dalili ya ridhaa kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo kila kitu kina kesi yake, na wajibu wa kuichunguza uko juu ya mwenye kukishikilia leo. Anayesema "tulinunua" ameanza kujibu, hajamaliza.

Hoja ya pili: kuingia bila hodi

Weule aliingia hata kwenye unyago wa wanawake, akatazama, akaandika na kuwaonyesha watu wa Ulaya. Hapa msomaji wetu anaweza kusema: "Mashekhe, nyinyi si ndio mnaokemea ngoma hizo? Mnawateteaje?" Tunajibu: ndiyo, yamo katika ngoma hizo mambo tusiyoyaridhia, na tumeyasema. Lakini aya ya 12 ya Suuratul Hujurat inakataza kupelelezana, na aya ya 27 ya Suuratun Nur inakataza kuingia nyumba za watu kabla ya kuomba ruhusa na kuwatolea salamu. Makatazo hayo hayakufungwa kwa wale tu ambao mwenendo wao unatupendeza. Sitara ya mtu haiondoki kwa kuwa desturi yake tumeikosoa. Na kufuli la Jumbe Chauro linatosha kuonyesha kwamba watu wa uwanda huu walijua mpaka wa ndani na nje.

Hoja ya tatu: isnadi

Katika elimu yetu habari haipokelewi mpaka ijulikane imepita kwa nani. Weule hakukijua Kimakonde wala Kiyao; mara nyingi aliyoyasikia yalipitia kwa wakalimani, akiwemo Nils Knudsen, mtu wa Norway aliyekuwa akiishi huku. Habari ya mzee wa Kimakonde ikapita ndimi mbili au tatu ndipo ikafika kwenye karatasi. Tunapomsoma basi tutofautishe: anachokieleza kwa macho, kama vile chungu na kufuli, kina nguvu, anachokieleza kuhusu nia na imani za watu ni dhaifu mpaka kipate cha kukiunga mkono. Wanaomnukuu leo kana kwamba yote ni sawa wanamdhulumu msomaji, na wanamdhulumu hata Weule.

Makosa yetu sisi

Tungeishia hapo, uhakiki huu ungekuwa wa upande mmoja. Swali la bibi yule halikumlenga Weule, lilitulenga sisi. Sisi walimu wa madrasa tumewafundisha watoto majina ya miji ya Mawaraunnahri, tukawaambia kwamba kazi za mikono za babu zao ni mambo ya ujahili. Tukakifunga kinyago, chungu, mkeka na kufuli katika kifurushi kimoja, tukakitupa nje.

Fiqhi haifanyi hivyo. Kuchonga sanamu kamili ya kiumbe chenye roho wamekukataza jamhuri ya wanazuoni, na hilo hatulifichi. Lakini imepokewa katika Sahihi ya Imamu Bukhari, naye ni mtoto wa Bukhara hiyo hiyo wanayoizuru watalii, kwamba fundi mmoja alimjia Ibn Abbas (r.a.) akasema maisha yake yanategemea kazi ya kutengeneza picha. Ibn Abbas akambainishia katazo, kisha akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Hakuivunja riziki yake, aliionyesha njia. Je, ni wangapi kati yetu waliokwenda kwa mchongaji wa Newala kumwonyesha njia? Na chungu kina dhambi gani? Nabii Daud (a.s.) alikula kwa kazi ya mkono wake, na Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala.

Tutazame na neno "kufuli" lenyewe. Asili yake ni *qufl* ya Kiarabu, na mwenye kuyatengeneza huitwa *qaffal*. Imamu Abdullah bin Ahmad al-Qaffal al-Marwazi, aliyefariki mwaka 417 Hijria, alikuwa fundi makufuli hadi umri wa takriban miaka 30. Wamesimulia kwamba alitengeneza kufuli pamoja na ufunguo wake, vyote kwa uzito wa punje chache tu. Kisha akaingia katika fiqhi, akawa kiongozi wa njia ya Khurasani katika madhehebu ya Shafi. Njia hiyo na ile ya Iraki ziliunganishwa na Imamu Rafii na Imamu Nawawi, na kwa *Minhaj* zikafika hadi katika madrasa zetu. Maana yake ni kwamba mtoto wa Masasi anayesoma mlango wa biashara leo anakula matunda ya akili ya fundi makufuli. Na mtoto huyo huyo akionyeshwa kufuli la kwao anadhani ni la Wazungu. Lawama hiyo hatuwezi kumbebesha Weule.

Hukumu yetu

Kwa vijana waliouliza, tunasema: kusafiri kutazama athari za watu ni jambo lililohimizwa katika Qur'ani kwa ajili ya mazingatio, na muda mfupi peke yake si aibu. Safari hupimwa kwa adabu zake. Anayekwenda Samarkand, au anayewaongoza wageni Newala, na ashike manne. Kwanza, aombe ruhusa ambayo mwenyewe anaweza kuikataa. Pili, aandike jina la fundi kama tunavyoandika jina la mpokezi wa Hadithi. Tatu, alipe thamani ya kazi, wala asitumie dhiki ya muuzaji kumpunguzia bei. Nne, aseme mipaka ya elimu yake: siku zake zilikuwa ngapi, na lugha alizungumza kwa kinywa cha nani.

Na kwa walimu wenzetu: sauti zilizonaswa na safari za namna ile zimehifadhiwa Ujerumani, na vitu viko Leipzig. Kuvidai au kuviomba nakala kunahitaji watu wanaoweza kusema ni vya nani na vilitumikaje. Wazee wenye kujua wanapungua kila mwaka. Tumewaagiza wanafunzi wetu kila mmoja aulize nyumbani kazi moja ya mkono, aiandike hatua zake, na juu yake aweke jina la aliyemfundisha, na la aliyemfundisha huyo. Bibi yule tumemwomba, akaturuhusu, na amekuwa wa kwanza.

Tulilolisema, likiwa sawa ni kwa taufiki ya Mwenyezi Mungu, na likiwa na kosa ni letu. Wallahu a'lam.